Uzamivu na Uanagenzi: Wanafunzi wa Biolojia ya Molekuli, 1947–1962

Neno uzamivu, ambalo vyuo vikuu vyetu hulitumia kwa masomo ya shahada ya udaktari, halikutoka mbali. Latokana na kuzamia, na mzamivu ni yule apigaye mbizi kukitafuta kilicho chini ya maji. Waliolichagua hawakukosea, walakini mara nyingi twalitumia nusu yake tu. Twamkumbuka azamaye, twamsahau aliyebaki chomboni ameshika kamba. Mzamia lulu wa Ghuba hakwenda chini peke yake. Juu alikuwapo mwenziwe ambaye kazi yake ilikuwa kuihisi kamba na kuivuta kwa wakati wake. Uhai wa mmoja ulikuwa mkononi mwa mwingine, na kwa hiyo ilipasa wote wawili wazijue ishara kabla ya mmoja wao kuzama.

Katika makala haya nataka kuitazama historia ya masomo ya uzamivu katika elimu moja changa, yaani biolojia ya molekuli, tangu mwaka 1947 hata mwaka 1962. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika miaka hiyo mambo mengi yaliyoijenga elimu hiyo yalipatikana kwa mikono ya watu waliokuwa bado wanafunzi, au waliokwisha kufuzu jana tu. Ya pili yawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili: elimu hiyo ilipohitaji maneno ilikuja kuyaazima kwetu sisi wanalugha, ikachukua herufi, nakala, unukuzi na tafsiri. Nitajaribu kuonyesha kwamba mwanafunzi wa ngazi hii hafanywi na vitabu peke yake, bali na mkono wa mwalimu na neno la mwalimu. Na kwamba neno hilo lisipokuwa wazi, hasara yake hukaa katika historia miaka mingi.

Jina la biolojia ya molekuli lilitumiwa na Warren Weaver wa Rockefeller Foundation mwaka 1938, alipokuwa akizieleza kazi ambazo shirika lake lilizigharimia. Lakini jina peke yake halifanyi chuo. Miaka kumi baadaye mtu aliyetaka kuisomea elimu hiyo asingeona mlango ulioandikwa jina hilo. Palikuwa na idara za fizikia, za kemia, za mimea na za wanyama, na katikati yao palikuwa na uwanja mtupu. Wengi walioingia katika uwanja huo baada ya vita vya 1939–1945 walikuwa wanafizikia. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi za silaha na wakataka sasa kufanya kazi za uhai. Mwaka 1944 Erwin Schrödinger, mwanafizikia mwenye sifa kubwa, alikuwa ametoa kitabu kidogo kiitwacho What Is Life?, ambamo aliuliza ni kwa maandishi gani urithi wa kiumbe huhifadhiwa. Francis Crick, James Watson na Maurice Wilkins, watatu ambao majina yao yataonekana tena hapa, wote walieleza baadaye kwamba kitabu hicho kiliwavuta.

Pahali pa kwanza pa kutazamwa ni Cambridge. Mwaka 1947 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianzisha kikundi kidogo katika maabara ya Cavendish, chini ya Max Perutz, pamoja na John Kendrew. Shabaha yao ilikuwa kuyajua maumbo ya protini kwa njia ya eksirei. Mionzi hupitishwa katika fuwele, hutawanywa na atomi zilizopangwa humo, na juu ya filamu huacha vidoa ambavyo kwa hesabu ndefu vyaweza kusomwa. Kazi hiyo ilikuwa na nasaba yake. Lawrence Bragg, mkuu wa Cavendish, alikuwa ameianzisha pamoja na baba yake, William Bragg. J. D. Bernal aliipokea kwa William Bragg. Perutz, aliyetoka Vienna mwaka 1936, aliipokea kwa Bernal, kisha akapata udaktari wake chini ya Lawrence Bragg mwaka 1940. Wanavyuoni wa pwani yetu wangeutambua mpango huu mara moja. Katika darasa za Lamu na Unguja mtu hakuulizwa tu kitabu gani amekisoma, bali aliulizwa amekisoma kwa nani. Na ijaza aliyopewa ilimwunga katika silsila ya walimu, mmoja baada ya mwingine. Elimu ya eksirei nayo ilikuwa elimu ya silsila. Haikuwezekana kuipata kwa kusoma tu, maana jicho la kuvitambua vidoa vyenye maana huzoezwa kando ya jicho lililokwisha kuzoea.

Mwaka 1949 alikuja katika kikundi hicho mwanafunzi mmoja asiye kijana. Francis Crick alizaliwa mwaka 1916. Uzamivu wake wa kwanza, katika chuo cha University College, London, ulikuwa juu ya mnato wa maji yenye joto kali, kazi ambayo mwenyewe aliiona kuwa ya kuchosha kupita zote. Vita vilipokuja, mitambo yake iliharibiwa na bomu, naye akapelekwa kuunda mabomu ya kutega baharini. Kwa hiyo alipoanza upya chini ya Perutz alikuwa na miaka 33, na Watson alipomkuta katika vuli ya 1951 alikuwa na miaka 35, bado ni mwanafunzi. Watson kwa upande wake alikuwa kijana wa miaka 23, lakini udaktari alikuwa nao tangu mwaka uliotangulia, alioupata katika Chuo Kikuu cha Indiana kwa Salvador Luria. Basi katika chumba kile aliyekuwa na shahada ni mdogo, na asiyekuwa nayo ni mkubwa.

Kazi rasmi ya Crick ilikuwa protini, hasa himoglobini ya farasi. DNA haikuwa kazi yake. Yeye na Watson walipojaribu kuunda kielelezo cha DNA mwezi wa Novemba 1951, walikosea vibaya. Wageni kutoka London walikuja kukitazama, wakaonyesha makosa yake papo hapo, na Bragg akawaamuru wawili hao waiache DNA, naye Crick arudi kwenye tasnifu yake. Mtu angedhani kwamba amri ile ilikuwa kizuizi tu. Baadaye tutaona kwamba tasnifu hiyo hiyo ndiyo iliyompa Crick ufunguo.

Sasa yafaa tuwaendee hao wageni kwao. Katika chuo cha King's College, London, Profesa John Randall alikuwa mkuu wa kikundi kingine cha wanafizikia waliogeukia viumbe. Msaidizi wake mkubwa alikuwa Maurice Wilkins. Mwaka 1949 alijiunga nao Raymond Gosling, aliyezaliwa mwaka 1926, ambaye alikuwa amesoma fizikia na kufanya kazi hospitalini kwa muda. Mwaka 1950 Wilkins alipata kwa Rudolf Signer wa Bern DNA safi kupita yote iliyokuwapo. Ilikuwa na unato kama kamasi, na ukiigusa kwa ncha ya kijiti ukaivuta, ilitoka uzi mwembamba kama wa buibui. Gosling na Wilkins waliziweka nyuzi nyingi za namna hiyo pamoja, wakahakikisha kwamba hazikauki, wakaiondoa hewa ndani ya kamera kwa kuijaza haidrojeni isije ikaitia picha ukungu, na katika mwaka huo huo Gosling akapata picha yenye vidoa vilivyo wazi. Alikuwa ameona kwamba chembe za urithi zaweza kujipanga kama fuwele, naye hakuwa ameufikia hata mwaka wa pili wa uanafunzi wake.

Mwezi wa Januari 1951 akaja Rosalind Franklin. Yeye hakuwa mwanafunzi. Alikuwa na udaktari wa Cambridge tangu mwaka 1945, kwa utafiti juu ya makaa ya mawe, na huko Paris alikuwa amejifunza kazi ya eksirei mpaka akawa bingwa. Kabla hajafika, Randall alimwandikia barua ya mwezi wa Desemba 1950, iliyomfahamisha kwamba kazi ya eksirei juu ya DNA itakuwa yake yeye pamoja na Gosling. Wilkins, aliyeianza kazi hiyo, hakuelezwa jambo hilo waziwazi, na barua yenyewe hakuiona mpaka baada ya miaka mingi. Yeye alidhani amepata msaidizi. Franklin alijua amepewa kazi yake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na haki kwa kadiri ya alivyoambiwa. Ugomvi wao umeandikwa sana, na waandishi wengine wameueleza kwa tabia zao, kwamba huyu alikuwa mkali na yule mpole kupita kiasi. Mimi naona chanzo chake ni cha wazi zaidi: mkuu mmoja alisema maneno mawili kwa watu wawili. Na aliyekuwa katikati, ambaye hakuulizwa, ni mwanafunzi. Gosling alianza chini ya Wilkins, akahamishiwa kwa Franklin, na mwisho akarudishwa kwa Wilkins, kama kamba inayopitishwa kutoka mkono hata mkono hali mzamivu yu chini.

Hata hivyo kazi ya Franklin na Gosling ilikuwa njema sana. Wao ndio waliobainisha kwamba DNA ina maumbo mawili kwa kadiri ya unyevu, moja kavu, ambalo waliliita A, na moja lenye maji zaidi, ambalo waliliita B. Kabla ya hapo picha nyingi zilikuwa zimechanganya haya mawili, kama mtu arekodiye lahaja mbili kwa pamoja na kuzihesabu kuwa moja. Mwezi wa Mei 1952, baada ya uzi mmoja kupigwa na mionzi kwa zaidi ya saa 60, ilipatikana picha ya umbo B iliyopewa namba 51. Aliyeipiga ni Gosling, chini ya usimamizi wa Franklin. Katikati ya picha hiyo kuna msalaba mweusi wa vidoa, na kwa ajuaye kusoma, msalaba huo ni alama ya hesi, yaani umbo la kuzunguka kama mizunguko ya parafujo.

Mwisho wa Januari 1953, Franklin akiwa amejitayarisha kuhamia chuo cha Birkbeck, na Gosling akiwa anarudi chini ya Wilkins, picha ilifika mikononi mwa Wilkins, naye akamwonyesha Watson aliyekuja London kutembea. Franklin hakuulizwa wala hakuambiwa. Muda mfupi baadaye Crick aliiona taarifa ya kazi za King's College iliyoandikwa kwa ajili ya kamati ya Baraza la Utafiti wa Tiba, ambayo Perutz alikuwa na nakala yake. Humo Franklin alikuwa ametaja aina ya ulinganifu wa fuwele ya DNA. Watu wengi wangeipita sentensi ile. Crick hakuipita, maana himoglobini ya farasi, ile aliyoamriwa kuirudia, ilikuwa na ulinganifu wa aina ile ile, naye alikuwa amekaa nayo kwa miaka mitatu. Akatambua mara moja kwamba nyuzi za DNA ni mbili, na kwamba zaelekea pande zilizo kinyume. Hapa ndipo nilipotaka kumfikisha msomaji. Twasimuliwa kwamba ugunduzi huu ulikuwa wa akili nyepesi ya watu wawili waliokuwa wakicheza na vipande vya chuma. Kwa kweli sehemu moja yake ilikuwa tunda la kazi ngumu ya mwanafunzi, iliyofanywa kwa ajili ya tasnifu isiyohusu DNA kabisa.

Kielelezo kilisimama mwisho wa Februari 1953. Tarehe 25 Aprili jarida la Nature lilitoa makala matatu pamoja: ya Watson na Crick, ya Wilkins, Stokes na Wilson, na ya Franklin na Gosling. Kwa hiyo jina la mwanafunzi limo. Lakini mwezi huo huo Randall alimwandikia Franklin, aliyekwisha kuhama, akimtaka aache kuifikiri DNA na aache kumsimamia Gosling. Mwalimu na mwanafunzi waliendelea kukutana kimya kimya mpaka kazi ikaandikwa. Gosling alikamilisha tasnifu yake mwaka 1954, mwaka ule ule ambao Crick naye, akiwa na miaka 38, alipata udaktari wake kwa tasnifu ya protini. Franklin alifariki mwaka 1958, umri wake miaka 37. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1962 walipewa Crick, Watson na Wilkins.

Yasije yakadhaniwa kwamba uanafunzi wote wa elimu hii ulikuwa wa namna ya London. Mfano mwingine, wa upande wa pili, watoka Pasadena, Marekani, katika taasisi ya Caltech. Matthew Meselson alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Linus Pauling, mwanakemia mashuhuri. Pauling alimpa fuwele moja aitafute umbo lake kwa eksirei, kazi ya kawaida ya kumzoeza mwanafunzi. Lakini Meselson alikuwa na swali lake. Watson na Crick walikuwa wamedokeza kwamba DNA inapojizidisha, nyuzi zake mbili huachana na kila mmoja huwa kielelezo cha uzi mpya. Wataalamu wengine, miongoni mwao Max Delbrück wa Caltech hiyo hiyo, walikuwa na shaka. Katika majira ya joto ya 1954, huko Woods Hole, Meselson alikutana na Franklin Stahl, mwanafunzi wa Rochester, na katika mazungumzo yao wakaazimia kulijaribu jambo hilo.

Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza, ingawa haikuwa rahisi kuifanya. Waliwalisha bakteria nitrojeni nzito mpaka DNA yao yote ikawa nzito, kisha wakawahamishia katika nitrojeni ya kawaida. DNA iliyotolewa humo ilizungushwa katika maji ya chumvi ya sesiamu, zaidi ya mizunguko 44,000 kwa dakika, kwa muda wa saa 20, mpaka kila aina ikatulia mahali panapolingana na uzito wake. Baada ya kizazi kimoja DNA yote ilikuwa katikati, si nzito wala si nyepesi. Baada ya vizazi viwili nusu ilikuwa ya katikati na nusu nyepesi. Kwa hiyo kila DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja wa sasa. Makala yao yalitoka mwaka 1958. Udaktari wa Meselson ulikuwa wa mwaka 1957, na katika tasnifu yake imo pia ile fuwele aliyopewa na Pauling. Mwalimu hakulifuta swali la mwanafunzi, wala mwanafunzi hakuitupa kazi ya mwalimu. Walifahamiana ishara.

Nimesema kwamba elimu hii iliazima maneno kwa wanalugha. Aliyefanya kazi kubwa katika jambo hilo alitoka barani kwetu. Sydney Brenner alizaliwa Germiston, Afrika Kusini, mwaka 1927, mwana wa fundi viatu asiyejua kusoma. Aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand angali na miaka 15, akasoma utabibu, na mwaka 1952 akaenda Oxford kwa ajili ya udaktari. Mwezi wa Aprili 1953 yeye na wenziwe wachache walisafiri kwa gari mpaka Cambridge kukitazama kielelezo kabla makala hayajatoka. Akakubali papo hapo. Alipata udaktari mwaka 1954, akarudi Afrika Kusini, na miaka miwili baadaye akaenda kufanya kazi na Crick.

Swali lao lilikuwa swali la maandishi. DNA ina herufi nne tu, A, T, G na C. Protini imeungwa kwa asidi amino za aina 20. Herufi moja moja haitoshi, na mbili mbili hufanya maneno 16 tu. Tatu tatu hufanya 64, na hizo zatosha na kubaki. Lakini je, maneno hayo yametengwa kwa nukta au la? Mwaka 1961 Crick, Brenner na wenzao walionyesha kwamba hakuna nukta. Msomaji huanzia pahali maalumu na kuhesabu tatu tatu. Nitaeleza kwa mfano wa lugha yetu. Tuchukue maneno UZI ULE UKO JUU, yaliyoandikwa bila nafasi. Ukiiondoa Z peke yake, msomaji wa tatu tatu ataona UIU LEU KOJ UU, na maana yote itapotea tangu hapo hata mwisho. Lakini ukiondoa herufi tatu zinazofuatana, yaani Z, I na U inayofuata, yatabaki ULE UKO JUU: neno moja limepotea, yaliyosalia ni salama. Ndivyo walivyoona kwa virusi vya bakteria: badiliko moja la namna hiyo huharibu, mawili huharibu, matatu yakiwa karibu karibu aghalabu hurekebisha. Mwaka huo huo Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei huko Bethesda walilisoma neno la kwanza la fumbo, na ilipofika 1966 fumbo lote lilikuwa limefumbuliwa.

Tuyatazame sasa maneno yenyewe. Hatua ya kuitoa nakala ya DNA katika RNA wataalamu waliiita unukuzi. Hatua ya kuigeuza nakala hiyo kuwa protini waliiita tafsiri. Mwanalugha hana la kuwalaumu. Unukuzi wao ni kama kazi tuifanyayo tunapouhamisha utenzi kutoka herufi za Kiarabu hata herufi za Kirumi. Lugha ni ile ile, na mwandiko umebadilika kidogo, kama RNA inavyoandika U mahali pa T. Tafsiri ni jambo jingine kabisa, maana herufi za DNA na asidi amino ni lugha mbili zisizo na udugu, na hapana budi awepo mkalimani. Hata makosa yao twayajua. Mnakili wa utenzi akiruka mstari, kosa lake hurithiwa na nakala zote zitokazo kwake, na kwa makosa hayo sisi hutambua nakala ipi ni mama na ipi ni binti. Wanabiolojia huzipanga nasaba za viumbe kwa njia iyo hiyo.

Neno moja zaidi lastahili kutajwa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1960, katika chumba cha Brenner huko Cambridge, Brenner na Crick walipokuwa wakizungumza na François Jacob wa Paris, walitambua ghafula kwamba lazima iwepo RNA ya muda mfupi ichukuayo habari kutoka DNA hata mahali protini zinapoundwa. Katika miezi iliyofuata Brenner na Jacob walikwenda Pasadena, na pamoja na Meselson, kwa ile ile mashine yake ya kuzungusha, wakaithibitisha. Kwa Kiswahili twaweza kuiita RNA mjumbe, lakini mjumbe aweza kusema kwa niaba ya aliyemtuma, hata kushauri. Tarishi huchukua barua, huifikisha, hajui kilichomo, na kazi yake ikiisha huondoka. Kwa maoni yangu RNA hii ni tarishi.

Nimelitaja jambo hili si kwa mchezo wa maneno. Mimi nilipata udaktari wangu ng'ambo, na miezi yangu ya kwanza niliipitisha nikinukuu kanda za sauti, nikimpelekea msimamizi wangu kurasa na kurudishiwa zikiwa zimejaa alama. Nilijua unukuzi kwa mkono kabla sijaujua kwa kitabu. Gosling naye aliijua DNA kwa ncha ya kijiti. Elimu ya namna hiyo hupitia katika maneno madogo yasemwayo kando ya meza ya kazi: ongeza unyevu, ngoja kidogo, tazama hapa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam leo imo idara ya biolojia ya molekuli na bayoteknolojia, na wanafunzi wa uzamivu wa sayansi huandika tasnifu zao kwa Kiingereza. Wenzao wa idara za Kiswahili huandika kwa Kiswahili. Sisemi kwamba hao wa kwanza lazima wabadilishe lugha ya tasnifu kesho. Nasema kwamba maneno ya kando ya meza yatatafuta lugha iliyo karibu, na lugha hiyo kwa wengi wao ni Kiswahili. Tukiwa hatukuwaandalia maneno yaliyo wazi, watasema nusu nusu, na ishara za kamba zitakosewa.

Kazi hiyo imekwisha kuanzwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lakini kamusi ni ghala, haiwezi kuwa mwalimu. Pendekezo langu ni kwamba wanaleksikografia wakae maabarani pamoja na wanafunzi wa uzamivu, wasikilize wanavyoitana vitu na vitendo, wayakusanye maneno hayo kama tukusanyavyo msamiati wa wavuvi na wa mafundi majahazi, kisha wayapime. Yatakayofaa yaingie katika kamusi yakiwa yamekwisha kufanya kazi.

La pili lawahusu wasimamizi wa elimu zote, yetu ikiwamo. Mwanafunzi na aambiwe tangu siku ya kwanza, kwa maandishi yatakayosomwa na wote wanaohusika, kazi ni ya nani, msimamizi ni nani, na alichokipata kwa mkono wake kitatajwa kwa jina la nani. Tuikumbuke barua ya Randall. Kama ingalitolewa nakala ya pili akapelekewa Wilkins, yaelekea historia ya elimu hii ingaliandikwa kwa namna nyingine. Raymond Gosling alifariki mwaka 2015, na mpaka leo picha namba 51 hutajwa mara nyingi bila ya jina lake. Watungao vitabu vya shule kwa Kiswahili wana nafasi ya kulitia jina hilo mahali pake, pamoja na la Franklin, nao hawatahitaji zaidi ya mstari mmoja.